Sahihi Yangu Kwenye Fomu ya Kemia

"Hii sahihi ni ya nani?"

Karani wa usajili aliigeuza ile karatasi, akaisukuma mezani kwa kidole kimoja.

Mwanangu akainama kuitazama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeukumbatia mkoba wake kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

Sikuinama. Sikuwa na haja. Ile karatasi niliijua tangu inatoka kwenye faili, kwa ile pembe yake iliyokunjika. Niliikunja mimi.

Foleni nyuma yetu ikasogea karibu.

Si unajua watu wanavyopenda ya wenzao!

"Mama..."

"Abee, mwanangu."

"Huu si mwandiko wako?"

Wapendwa mnaonisoma, mimi niliishia darasa la saba. Jina langu naliandika polepole, herufi moja moja, kila moja imesimama peke yake kama watoto mstarini. Mwanangu ameiona sahihi hiyo kwenye kila ripoti yake tangu anajifunza kusoma. Hawezi kuikosea hata gizani.

"Mama, nakuuliza. Ni wewe uliyenitoa Kemia?"

Nikaukumbatia mkoba zaidi.

"Ni wewe?!"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mkoba ukanidondoka...

Ngojeni niwaeleze nilifikaje pale. Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua kuna mama mwenzangu sasa hivi ana fomu kama ile juu ya kabati, inasubiri kalamu.

Mimi ni dobi. Si dobi wa beseni uani, hapana. Nafanya kazi kwenye nyumba kubwa ya kufulia. Mashine sita, pasi nane, na joto ambalo ukitoka nje saa saba mchana unaona kuna baridi. Tunafua mashuka ya hoteli, mapazia ya ofisi, na makoti meupe ya chuo cha uuguzi.

Pale kuna pipa la bluu. Ndani yake kuna dawa ya madoa. Kutu, damu, wino, vyote inaondoa. Lakini ukikosea kipimo inaondoa na nguo yenyewe.

Miaka kumi na tisa ya dawa hiyo imenifuta alama za vidole. Nikienda kusajili laini ya simu, mashine inanikataa. Naweka kidole hiki, inakataa. Naweka kile, inakataa. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, una uhakika wewe upo?" Tukacheka wote.

Mwenzangu mmoja yeye ilimrukia jichoni. Tangu siku hiyo, akitaka kukuona anageuza shingo kama kuku.

Mwanangu amekulia pale. Akitoka shule ya msingi anakuja kunisubiri, anakaa juu ya mafurushi ya mashuka. Kina dada vidole vikipasuka, yeye anakata vipande vya shuka kuukuu, anawafunga. Anapuliza kabisa! "Pole, dada. Usiloweshe mpaka kesho."

Wakamwita Nesi.

Na mimi jina langu likafia hapo. Nikawa Mama Nesi. Hata msimamizi, ambaye hajui kucheka, alikuwa anaita, "Mama Nesi, mashuka ya ghorofa ya tatu yako wapi?"

Jamani, nilikuwa naitika hadi moyo unatetemeka kwa raha!

Basi, Nesi akafika kile kidato wanachochagua masomo. Akaja na fomu, kaishika kwa ncha za vidole kama picha iliyotoka kuchapwa.

"Mama, Fizikia na mimi tumeachana kwa amani. Nachukua Kemia na Baiolojia."

"Ndizo za unesi hizo?"

"Ndizo. Weka sahihi hapa chini."

"Niachie. Nitaisoma kwanza."

"Mama na wewe! Utadhani hati ya nyumba."

Nikaikunja pembe ili nisiisahau, nikaiweka juu ya kabati. Ningeweka sahihi jioni ile ile, leo hii nisingekuwa naandika haya...

Siku mbili baadaye nikaitoa sketi yake ya shule kwenye msumari ukutani, niipige pasi. Nikaona tundu. Hapa, usawa wa paja. Nikaingiza kidole, kikatokea upande wa pili!

"Nesi! Hii nini?"

"Ee! Sijui, mama."

"Hujui? Ni tindikali ya huko maabara!"

"Mama, wiki hii hatujaingia maabara hata siku moja. Mabomba hayana maji."

"Usinidanganye mimi!"

"Haki ya Mungu, mama, pamefungwa!"

Sikumwamini. Nilikuwa sioni sketi tena. Nilikuwa naona paja la mwanangu chini ya lile tundu. Naona uso wake. Naona shingo inayogeuka kama ya kuku.

Nikasema moyoni, mimi nimeungua ili huyu asiungue. Halafu nimpeleke mwenyewe kwenye pipa la bluu lingine, tena kwa sahihi yangu? Haiwezekani!

Asubuhi nikaomba ruhusa kazini. Sketi kwenye mfuko, fomu kwenye mfuko, nikaenda shuleni wakati yeye yuko darasani.

Mwalimu wa Kemia alikuwa mzee mmoja mrefu. Wanafunzi walimwita Moshi, kwa sababu ya majaribio yake. Nilimkuta amekaa nje ya maabara anasahihisha madaftari. Mlango nyuma yake una kufuli. Nililiona lile kufuli, wapendwa. Nililiona kwa macho yangu haya mawili!

"Karibu, mama."

Sikukaa. Nikatoa sketi. "Mwalimu, mnawachoma watoto wetu?"

Akaipokea. Akaiinua kwenye mwanga. Akausugua ukingo wa tundu kwa kidole, akainusa.

"Hii haikutoka hapa, mama. Wiki nzima sijafungua."

"Sasa imetoka wapi? Mbinguni?"

"Nyumbani mnafulia kwa dawa gani?"

Ee! Nikapanda juu kama maziwa!

"Mwalimu, mimi ni dobi! Miaka na miaka! Unataka kunifundisha kufua?"

"Sina maana hiyo, mama yangu..."

"Mtoto wangu hachezi na tindikali. Mtoe Kemia!"

Akaweka kalamu chini. "Nesi? Ana themanini na mbili. Ni wa pili darasa zima. Na nasikia anataka uuguzi."

"Baiolojia inatosha. Nimeuliza."

"Umemwuliza nani?"

Nikatazama pembeni.

Niwaambie ukweli? Nilikuwa nimemwuliza mlinzi wa getini pale chuo cha uuguzi. Tukipeleka makoti yeye ndiye hutufungulia. Nilimpitia asubuhi ile, nikamwuliza, "Kaka, nesi lazima asome Kemia?" Akajikuna kidevu akasema, "Nesi ni mambo ya mwili, Mama Nesi. Mwili ni Baiolojia. Kemia ni ya watu wa viwandani."

Ana sare, ana kirungu, anakaa mlangoni kwa wasomi. Nikaona huyu anajua.

"Nimeuliza wanaojua," nikamjibu mwalimu.

"Mama, bila Kemia hapokelewi. Huo mlango ukifungwa leo, kesho kuufungua ni kazi kubwa mno. Rudi nyumbani. Zungumza na binti."

"Niazime kalamu."

Akanitazama. Akaniazima.

Palipoandikwa Kemia nikapiga mstari, nikaandika Biashara. Palipoandikwa sababu nikaandika: Mzazi hataki. Kisha jina langu. Herufi moja... moja... moja...

"Naomba usimwambie kama nilikuja."

"Mimi simdanganyi mwanafunzi, mama."

"Basi nyamaza tu."

Akaipokea fomu, akaichomeka kati ya madaftari. Halafu akasema, "Nitanyamaza, kwa kuwa wewe ndiye mzazi. Lakini nafasi yake naiacha wazi mpaka muhula uishe. Ukibadili mawazo njoo. Huna haja ya kuniomba radhi. Njoo tu, nitaelewa."

Nikaondoka. Nesi nikamwambia nimeshaiweka sahihi fomu yake na kuiacha ofisini. Na kama ningeishia hapo labda Mungu angenitazama kwa jicho la huruma. Sikuishia hapo.

Orodha ilipobandikwa, Nesi alirudi nyumbani macho mekundu.

"Mama, jina langu halipo Kemia! Wameniweka Biashara!"

Na mimi, niliyemzaa mwenyewe, nikamwambia hivi: "Nimesikia kwa wazazi wenzangu. Mwalimu amewachukua anaowataka. Darasa limejaa."

"Lakini mimi ni wa pili! Wa pili, mama!"

"Ndivyo dunia ilivyo, mwanangu."

"Kesho naenda kumuuliza."

"Usijidhalilishe. Mtu kakukataa, utamlilia?"

Akaona mama ana akili. Hakwenda.

Mkija kunisema huko kwenye maoni, semeni. Nimeshajisema zaidi yenu.

Miaka miwili mwanangu alimpita yule mzee bila salamu. Siku moja akanisimulia, "Leo Moshi kaniambia, 'Hujambo, binti?' Mama, nilimpita kama mti!" Akacheka. Na mimi nikacheka! Nilicheka, jamani, huku nimeshika sufuria...

Muhula ule wa fomu ulipokaribia kuisha, mwalimu alinipigia simu mara mbili. Niliiona namba. Nikaiacha iite mpaka ikachoka. Kisha nikaifuta.

Matokeo ya mwisho yalipotoka, Baiolojia aliongoza shule nzima. Kina dada kazini walipiga vigelegele hadi msimamizi akazima mashine aone kumetokea nini. "Mama Nesi, sasa kweli!" Nilimshonea sketi mpya ya kwendea chuoni. Nikajua nimeshinda. Mtoto hana kovu hata moja, na uuguzi anaingia!

Ndiyo tukafika kwa yule karani.

Karani mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alitazama cheti, akatazama tena. "Baiolojia nzuri sana hii. Kemia iko wapi?"

"Sikusoma. Mwalimu aliniondoa," mwanangu akamjibu. "Tuliambiwa Baiolojia ikiwa juu sana mnakubali."

"Nani kakuambia?"

Mwanangu akageuka kunitazama. Nami nikatazama dirisha.

"Na hakuna mwalimu aliyekuondoa," karani akaendelea, anafunua faili lililotoka shuleni. "Hapa pameandikwa mzazi hataki."

Hapo ndipo alipoigeuza karatasi.

Nilipouokota mkoba, nikajikaza nikauliza, "Mama karani, hawezi kuirudia hiyo Kemia?"

"Hairudii, ataianza. Na ina mtihani wa maabara, si wa kukariri daftari. Atafute shule itakayompokea kukaa na wadogo zake miaka miwili. Mkipata, njooni. Anayefuata!"

Tukatoka. Getini mlinzi akasimama, meno yote nje.

"Vipi Mama Nesi, tumepata?"

Mwanangu akasimama. Akamtazama yule mlinzi, akanitazama mimi. Sijui alielewaje, lakini alielewa.

"Ulimuuliza huyu?"

Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Mama... ulimuuliza huyu?!"

Njia nzima alitembea mbele yangu. Nikikaza mwendo anakaza. Usiku nikakiri kwake kwamba mwalimu alimwachia nafasi na kunipigia simu mara mbili. Kesho yake alikwenda shuleni kumtafuta mwalimu Moshi amwombe radhi. Aliambiwa alikwishastaafu, amerudi kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi.

"Nipe namba yake, mama. Wewe alikuwa anakupigia."

"Niliifuta."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea jibu hilo hilo.

Shule za kuanza Kemia tulizitafuta. Tatu. Ya kwanza ilisema umri. Ya pili ilisema hawachukui mtu wa somo moja. Ya tatu haina maabara, ina chumba chenye jina la maabara mlangoni. Baada ya hiyo mwanangu akasema, "Inatosha."

Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa tu, akaja kazini kwetu.

Wakampa pasi. Pasi ya makoti meupe ya chuo cha uuguzi.

Kila koti lina jina la mwenyewe limedariziwa kifuani. Siku moja likaja la msichana aliyekuwa anakaa naye dawati moja, yule ambaye kila asubuhi alikuwa ananakili kazi za Nesi. Nesi alilijua jina. Akalipiga pasi kola, akapiga mikono, akapiga mgongo. Kisha, alipoona hakuna mtu, akalivaa.

Mimi nilikuwa nyuma ya mapazia yaliyoanikwa. Hakuniona.

Akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Akasimama wima hivi, mikono mifukoni. Akahesabu labda mpaka kumi. Akalivua, akalipiga pasi upya, akalitundika na mengine.

Nikajifuta uso kwa pazia la watu.

Kina dada hawamwiti Nesi tena. Hawakukubaliana. Jina liliisha tu, kama sabuni. Na mimi sasa naitwa "dada", au "we wa mashuka".

Mnafikiri yameisha? Hata mimi nilifikiri yameisha.

Wiki iliyopita, siku yetu ya mapumziko, saa sita mchana, nilikuwa jikoni. Nikasikia ananiita. Sauti ya kawaida tu. Miezi mitatu alikuwa hajaniita.

"Mama, njoo uone."

Nikaenda mbio! Nikadhani amenisamehe.

Amesimama chumbani, kashika taulo lake. Lina tundu. Ukingo mweupe.

"Ulikuwa umelitundika wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole. Kwenye msumari ule ule wa sketi...

Juu ya ule msumari kuna rafu. Juu ya rafu kuna chupa yangu. Chupa ya maji ya kunywa, ila ndani si maji. Ni dawa ya pipa la bluu. Wote kazini tunachukua kidogo, kwa nguo zetu nyeupe. Haina karatasi wala alama yoyote. Kifuniko chake kina ufa tangu zamani, nami kila siku nasema nitakibadilisha.

Akaishusha. Chini yake rafu ilikuwa na duara jeupe, mbao imeliwa.

"Ile sketi yangu uliifanyia nini?"

"Nili... niliikata. Ndiyo hiyo tunayofutia meza."

Akaichukua. Akaitandika sakafuni. Akafungua chupa, akadondosha tone moja. Tukachuchumaa wote wawili.

Kitambaa kikapoteza rangi. Kikawa cheupe. Akakivuta kidogo tu, kwa kucha.

Kikafunguka.

Tundu lile lile. Ukingo ule ule!

Nikasema, maana nisingesema lingenipasua, "Mwalimu aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Nyumbani tunafulia kwa dawa gani."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba mimi ni dobi."

Akacheka. Cheko gani lile sijui. Sitaki kulisikia tena. Kisha akafunga chupa vizuri, akaenda kunawa mikono, akarudi, akasimama mlangoni.

"Hili ndilo jaribio langu la kwanza tangu unitoe Kemia, mama," akasema. "Na la mwisho."

Akarudi kitandani, akageukia ukuta.

Hapo ndipo nilipo, wapendwa. Nilimtoa Kemia ili dawa isimfikie. Dawa ilikuwa nyumbani kwangu, juu ya kichwa chake, nimeileta kwa mkono wangu. Na sasa anafanya kazi hatua nne kutoka kwenye pipa lenyewe. Jana nimeona amefunga kidole cha shahada kwa kipande cha shuka. Amejifunga mwenyewe.

Mama mwenzangu, mtoto akikuletea ile fomu, usiifanyie kazi peke yako kwa sababu ya woga wako. Kama husomi vizuri, si aibu. Aibu ni kujifanya unajua. Mwite mtoto, kaeni na mwalimu wake, watu watatu, muulizane hadi maswali yaishe. Mwalimu akikuuliza swali usilolipenda, lijibu. Mlinzi wa getini msalimie, pita. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, wakati nafasi ingali wazi. Mimi nilikuwa na muhula mzima!

Na chupa za kazini ziacheni kazini.

Kabla ya kuweka haya hapa nilimpa simu asome. Nikasema moyoni nimeshamficha vya kutosha. Alisoma polepole mpaka mwisho, amesimama, pasi yake inapoa.

"Niweke?" nikamuuliza.

Akanirudishia simu bila kunitazama.

"Weka. Labda kuna mtu fomu yake bado haijapelekwa."